Chaji Kamili kwa Ajili ya Wifi

Ukimletea mdogo wangu sigara ya umeme iliyokataa kuchaji, usitegemee akuulize habari za nyumbani. Ataipokea, ataigeuza huku na huku, ataisogeza karibu na taa, halafu atakuuliza swali lake lilelile: "Umeichaji kwa chaja gani?" Hapo mteja, awe kijana wa chuo au mzee wa suti, huanza kuumauma maneno. Karibu wote wametumia ile chaja ya haraka ya simu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na kitanda.

"Betri yenyewe ndogo hii," mdogo wangu husema, "na wewe unaimwagia umeme wa kushibisha simu kubwa. Mtoto mchanga unamnywesha kwa ndoo?"

Mteja hucheka. Yeye hacheki. Mimi ndiye ninayemalizia kucheka kule upande wangu, maana tunagawana chumba kimoja chenye mlango mpana unaotazama barabara. Mimi nashona vifuniko vya viti vya magari, na cherehani yangu iko dirishani. Yeye ana meza ya mbao yenye makovu ya pasi ya kuchomea, mita yenye waya mwekundu na mweusi, chupa ya spiriti, mswaki wa zamani, na glasi iliyojaa vijiti vya meno. Asiyetujua angedhani ni mgahawa uliofilisika. Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye vyeti vyake. Mtaa mzima unamwita Volti, na mimi pia siku hizi namwita hivyo hivyo.

Niseme ukweli mapema ili tusisumbuane: ndugu yangu ni mtu mgumu kuishi naye. Ni domo zege. Kwa betri anaongea mpaka unachoka, kwa binadamu anaishiwa maneno kabla hajaanza. Marehemu mama alikuwa akisema huyu mtoto alizaliwa akiwa ameshaudhika. Lakini kazi anaijua, na ana utaratibu wake ambao hauvunji hata ukimlilia. Kwanza anabadilisha waya, maana waya hukatika kwa ndani huku kwa nje ukionekana mzima. Waya ukiwa hauna neno, anajaribu chaja nyingine. Kisha anachungulia tundu la chaji kwa kioo chake cha kukuzia na kulichokoa kwa kijiti cha meno, kamwe si kwa sindano, kwa sababu chuma kikigusa mle ndani ni shoti. Utashangaa vumbi la mfukoni linalotoka humo. Kama ni zile zinazofungwa kwa kuzungusha, anaangalia pini ya katikati. Watu wanakaza kwa nguvu zao zote mpaka pini inazama, haigusi tena, halafu wanakuja hapa na nyuso za msiba kwamba betri imekufa. Betri kwake ndiyo ya mwisho kulaumiwa.

Na mteja haondoki bila mahubiri. "Unaitumia leo, ijaze. Unaiweka, iache nusu." Anaeleza kwamba hizi betri za lithiamu zikiachwa tupu miezi mingi zinashuka chini mno, hata chaja inazikataa. Zikiachwa zimejaa pomoni bila kutumika, zinachoka, zinavimba, na mwisho wake zinaweza kuwaka moto. Chaji ya nusu ndiyo ya kuweka. Nimeyasikia mahubiri hayo mpaka nikiota nayatamka mimi.

Dereva mmoja wa teksi aliwahi kuleta ya kwake iliyokaa kwenye droo muda mrefu, tupu kabisa. Volti akaipima, akatikisa kichwa.

"Hii imeshuka mno. Nikiilazimisha itapokea, lakini haitakuwa salama."

"Fundi, jaribu tu. Nina historia nayo hii."

"Historia kaa nayo kichwani," Volti akamwambia. "Betri usiing'ang'anie."

Dereva akaondoka shingo upande. Nikamtazama ndugu yangu kwa muda, nikitegemea ajisikie vibaya hata kidogo. Wapi. Akaendelea kusugua koili ya mtu mwingine, kile kiwaya kinachochemsha maji ya ladha, kwa mswaki wake, macho makavu.

Nasema hivyo kwa sababu mhubiri huyo huyo, kwenye droo ya chini ya meza yake, alikuwa na sigara ya umeme ya kijani ambayo haikutumiwa na mtu yeyote, na kila Jumatatu asubuhi aliitoa, akaifuta kwa kitambaa laini nilichomkatia mimi, akaichaji mpaka ikajaa kabisa, akairudisha. Ilikuwa ya mkewe. Wifi yangu alikuwa ng'ambo, na mdogo wangu alikuwa akimngoja.

Wifi alikuja hapa mara ya kwanza kama mteja. Alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mtaa wa juu kidogo, na alikuwa anajitahidi kuachana na sigara za moshi. Aliingia na kikohozi na kicheko, kimoja hakijaisha kingine kinaanza. Akaiweka ile ya kijani mezani.

"Fundi, inapepesa taa halafu inazima. Nisaidie, la sivyo leo narudia zile nyingine."

Mimi nilikuwa naona kila kitu. Volti alichungulia tundu, akaliona vumbi. Kazi ya kufumba na kufumbua. Kijiti cha meno alikuwa nacho palepale mkononi. Akakirudisha kwenye glasi, akasema, "Iache. Njoo kesho."

Nikasimamisha cherehani. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona akidanganya kuhusu kazi. Kesho yake wifi akaja, akaambiwa bado inaangaliwa. Akaja tena, akaambiwa tatizo liko ndani sana. Akavuta stuli, akaketi, akapachika mkoba wake kwenye goti.

"Basi leo nakaa hapahapa," akasema, "mpaka nilione hilo tatizo la ndani."

Ndugu yangu alianza kutoka jasho puani. Hakuwa na pa kukimbilia. Akachukua kijiti, akachokoa, akachomeka waya, taa ikawaka na kutulia. Wifi akalitazama vumbi kwenye kijiti, akamtazama Volti, akacheka mpaka akakohoa. "Siku zote hizi kwa ajili ya hiki?" Mwenzangu akakificha kijiti nyuma ya mita. Lakini siku iliyofuata wifi alipita tena akitoka kazini, na sigara yake haikuwa na ubaya wowote.

Wakaoana. Chumba hiki kikawa kinanuka mnanaa, maana ndiyo ladha aliyoipenda. Jioni akitoka kazini anakaa kwenye ile stuli, anatoa wingu lake, anatusimulia vituko vya wazee wake, yule aliyeficha meno ya mwenzake, yule anayemwita kila muuguzi mama. Volti anachomea waya wake huku anatabasamu kwa chini nisimwone. Mimi nilikuwa nagomba. Nikawa nasema moshi wenu huu unaingia kwenye vitambaa vya watu, mtanikimbizia wateja. Leo hii natamani uingie tu, vitambaa vyote vinuke mnanaa, na wateja wakitaka kununa wanune. Nimemkumbuka yule mwanamke kuliko ninavyopenda kukubali. Hawakujaliwa mtoto, na yeye ndiye aliyekuwa kelele ya familia yetu.

Halafu ikatokea nafasi ya kwenda kutunza wazee ng'ambo. Mkataba wa miaka miwili. Walikubaliana wote, hakuna aliyemlazimisha mwenzake; walitaka wajenge, watoke kwenye vyumba vya kupanga. Asubuhi ya safari kulikuwa na heka heka za mabegi, huyu anatafuta kiatu, yule anatafuta kufuli, na ile ya kijani ikasahaulika juu ya meza ya jikoni. Alipofika akapiga simu, nami nilikuwa nimekaa pale pale.

"Mume wangu, nimeisahau sigara yangu," akasema. "Niwekee. Iwe na chaji, nikirudi niikute tayari."

Alisema tu, kama mtu anavyosema nibakizieni chakula. Ndugu yangu aliyapokea maneno yale kama kiapo.

Mkataba ukaisha, ukaongezwa. Ukaongezwa tena. Simu za kila jioni zikawa za Jumapili, na za Jumapili zikawa za akikumbuka. Akipiga, Volti anatoka nje kuongea, anarudi upesi mno, na nikimuuliza wamesemaje ananiambia, "Hajambo." Miaka yote hiyo nimekula hajambo tu. Ujenzi haukuanza. Jumatatu zikawa zinakuja, na ile ya kijani inatolewa, inafutwa, inajazwa.

Siku moja tunakula chakula cha mchana nikashindwa kuvumilia.

"Wewe si ndiye unayewaambia watu kitu cha kuweka kiachwe nusu? Mbona hii unaijaza?"

"Hii si ya kuweka."

"Kwani inatumika?"

"Akija ataitumia."

"Na asipokuja wiki hii?"

"Nitaijaza wiki ijayo," akasema, akaendelea kutafuna.

Nilikuwa na jibu mdomoni, nikalimeza pamoja na chakula. Niliona alipokwama. Kuiacha nusu kungekuwa ni kukubali kwamba mwenyewe haji karibuni, na hilo ndilo ambalo hakuliweza. Alijua kabisa kwamba anaiua ile betri. Anajua kuliko mtu yeyote mtaani. Alichagua kuiua kuliko kuiandaa kwa kungoja.

Watu wa karibu walijaribu kumtafutia mwingine. Hata mimi nilimletea mpishi mmoja wa shule, mwanamke mcheshi, ana akili zake timamu, redio yake ilikuwa haishiki chaji. Volti akaitengeneza vizuri sana, akaifuta, akamkabidhi palepale huku mama wa watu akiwa bado amesimama mlangoni. Alipomkabidhi siku ileile, nikajua hapo hakuna kitu.

Basi mwaka huu, mchana mmoja, simu yake ikalia mlio wa ujumbe. Akausoma. Akausoma tena. Akaniletea simu mpaka kwenye cherehani, akaniwekea chini ya macho. Ulikuwa wa wifi: "Nakuja. Nitakuwepo siku chache. Jumamosi nitapita dukani nikuone."

Mimi niliona siku chache. Niliona nitapita. Nikainua macho nimwambie, nikakuta amejaa furaha mpaka amekuwa kama mtoto, nikakosa moyo wa kumharibia. Yeye alikuwa ameona neno moja tu, lile la mwanzo.

Akaenda moja kwa moja kwenye droo. Haikuwa Jumatatu, lakini akaichomeka ili ahakikishe. Taa ikapepesa, ikapepesa, ikazima.

Nilimwona fundi akigeuka mteja. Akabadilisha waya. Ikapepesa, ikazima. Akachukua chaja nyingine, halafu nyingine. Akachungulia tundu kwa kioo, na tundu lilikuwa safi kabisa, kwa sababu haikuwahi kuingia mfukoni mwa mtu tangu mwenyewe aondoke. Akalichokoa hivyohivyo. Akalisafisha kwa spiriti. Akarudia waya.

"Waya umeshaubadilisha, Volti."

"Najua."

"Basi fungua uangalie betri."

"Dada, niache kwanza."

Nikamwacha. Akazunguka na utaratibu wake wote upya, polepole, akitafuta kosa popote pale isipokuwa lilipo. Mwisho akachukua bisibisi. Alipolegeza skrubu ya kwanza mfuniko ukajiinua wenyewe, na ndani betri ya bapa ilikuwa imevimba mithili ya kimto. Akaitoa kwa vidole viwili, akaipeleka nje kwenye ndoo ya mchanga anayoweka betri mbovu, akarudi, akakaa.

"Nimeiua mwenyewe," akasema.

"Na ulijua."

"Nilijua, dada. Nilijua tangu mwaka wa kwanza."

Nikamwonea huruma mpaka nikakasirika. Nikamwambia aache kukaa kama mfiwa, Jumamosi haijafika, atafute betri nyingine. Ana kopo kubwa la zile sigara za kutupa, ambazo watu wanavuta ladha ikiisha wanazirusha, kumbe betri ndani bado nzima. Akalimwaga kopo lote mezani. Akafungua moja baada ya nyingine, akapima, hii imechoka, hii nene, hii fupi. Mwisho akapata inayoingia. Akaichomea kwenye saketi yake ya zamani, na kwa kuwa haamini kitu cha mtumba, akaichaji na kuimaliza na kuichaji tena juu ya kigae, siku nzima, akiigusa kila mara kuona kama inapata joto. Wateja waliokuja aliwaambia wasubiri. Akaosha tangi la maji ya ladha, akaweka koili mpya. Ijumaa jioni akaniomba nimgeuzie kola ya shati lake jeupe, kwa kuwa upande wa juu ulishachakaa. Nikamgeuzia. Nilishona ile kola nikiwa na hofu kubwa kifuani, na sikumwambia.

Jumamosi wifi alipofika, Volti alikuwa ametoka kidogo. Nilimsikia mlangoni akisema, "Hodi wenyewe," nikaacha kitambaa kikaanguka. Tulikumbatiana mpaka tukayumba. Alikuwa amenenepa kidogo, amependeza, ana nywele fupi. Nilichokiona kabla ya vyote ni kwamba kikohozi hakikuwepo.

"Mwenyewe yuko wapi, wifi?"

"Ameenda kukununulia mnanaa."

Akanitazama hajaelewa. "Mnanaa gani?"

"Wa sigara yako. Amebadilisha betri, ameosha tangi, wiki nzima hana kazi nyingine. Si ulimwambia aiweke iwe na chaji?"

Wifi akatafuta pa kukaa. Akakaa kwenye stuli, mkoba bado begani.

"Wifi, mimi niliacha," akasema. "Zamani. Mwaka wa kwanza tu kule, wazee wangu hawakutaka harufu yoyote."

"Ulimwambia?"

"Hakuwahi kuniuliza. Tukiongea ananiambia yeye hajambo, na mimi namwambia sijambo."

Nikaona nimalize tu. "Na kurudi, unarudi?"

Akaitazama mikono yake. "Nina chumba changu kule, wifi. Nina kazi, nina watu walionizoea. Nimekuja nimwambie kwa mdomo wangu. Kwenye simu nimeshindwa miaka yote hii."

"Kuna mwanaume?"

"Kuna maisha. Angekuwa mwanaume ungeweza kunichukia vizuri."

Nilitaka kumchukia. Nilijaribu kwa nguvu zangu zote pale nilipokaa. Nikashindwa, kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa amerudi kwenye stuli yake, na mimi nilikuwa nimemkumbuka mno.

Volti akaingia na kichupa mkononi. Akasimama.

"Umefika," akasema.

"Nimefika."

"Safari?"

"Salama."

Basi, ndiyo hivyo tu. Domo zege lile lile. Akakaa mezani, akajaza tangi tone kwa tone, vidole vikiwa imara kuliko nilivyotegemea, akasema tusubiri kidogo koili inywe. Tukasubiri, watu wazima watatu, tunaitazama sigara. Halafu akampa kwa mikono miwili.

"Imejaa. Nilikuwekea."

Wifi alinitupia jicho. Sikuwa na la kumsaidia. Akaiweka mdomoni, akavuta. Hakikutoka kitu. Akavuta tena kwa nguvu zaidi. Ile ya kijani ina kitufe ubavuni, na siku zile kidole gumba chake kilikuwa kinakiendea chenyewe hata akiwa katikati ya hadithi. Sasa kidole kilikuwa kimelala tu, mbali na kitufe. Volti alikuwa anakitazama kile kidole. Anajua mikono ya watu na vitu vyao, ndiyo kazi yake, na mimi nilimwona akiona.

"Bonyeza kwanza," akamwambia, taratibu.

Akabonyeza, akavuta, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mnanaa ukajaa chumba kizima. Nilifumba macho, mjinga mimi, nikavuta pumzi yote.

"Uliacha," Volti akasema.

"Niliacha."

"Vizuri. Kifua chako kilikuwa kinanitia wasiwasi." Akachukua kitambaa, akafuta meza isiyo na uchafu. Halafu akauliza, na sijawahi kumsikia akimuuliza mtu jambo moja kwa moja namna ile: "Na kurudi?"

"Sirudi, mume wangu. Nimekuja kukuaga vizuri. Ningekwambia zamani, nikawa naogopa."

Barabarani gari lilipita, likapiga honi, likaenda zake. Ndugu yangu alikuwa bado anafuta meza.

"Nilikuwa nakungoja," akasema.

"Najua."

"Kila siku. Si Jumatatu tu. Kila siku nilikuwa nakungoja."

Wifi akalia wazi wazi, bila kujificha uso. Mimi pia. Volti hakulia. Alijikaza kisabuni, akaacha kufuta, akakikunja kitambaa vizuri. Hakukuwa na ugomvi wa kuugomba, na nadhani angepona haraka zaidi kama ungekuwepo.

Baada ya muda wifi akasimama. Akasema dada yake anamsubiri nyumbani kwa chakula. Akaichukua ile ya kijani kutoka mezani.

"Hii naondoka nayo."

"Hutavuta," Volti akasema.

"Sitavuta. Naitaka tu iwepo."

Volti akanyoosha mkono. "Nirudishie kwanza. Huwezi kuweka kitu hicho kimejaa, kitavimba. Nakishusha nusu. Ndivyo kinavyokaa miaka bila kuharibika." Wifi akampa, naye akachukua bisibisi. "Na kwenye ndege ukibebe mkononi, usikitie kwenye begi kubwa."

Akaifungua, akatoa nyaya mbili nyembamba. Betri ikitakiwa kushushwa chaji, yeye huiunganisha na taa, taa inakula umeme mpaka mita iseme basi. Ana balbu za kila aina kwenye kisanduku. Kwa wateja hutumia ile kubwa ya pikipiki, ambayo inamaliza kazi kabla hujamaliza kikombe cha chai. Ilikuwa juu kabisa, mbele ya mkono wake. Nikamwona anaisogeza pembeni. Akatafuta chini, akachakura, akatoa kibalbu cha tochi ya kuchezea watoto, kidogo kuliko vyote alivyonavyo, akakiunganisha. Nikang'ata uzi wangu.

Kikawaka, kamwanga hafifu ka njano.

"Itachukua muda gani?" wifi akauliza.

"Muda kidogo."

Lakini yule mwanamke alikuwa amekaa kwenye chumba hiki jioni nyingi mno. Akakitazama kibalbu, akaitazama ile balbu kubwa iliyosogezwa pembeni.

"Ile nyingine si ndiyo ulikuwa ukiitumia?"

"Ndiyo. Ile inamaliza upesi."

"Sasa mbona huitumii?"

Ndugu yangu aliinua uso akamtazama, na safari hii hakuishiwa maneno.

"Kwa sababu ikimalizika utaondoka," akasema. "Nataka ukae kidogo."

Wifi akaushusha mkoba begani, akakaa.